Picha Katika Simu: Msaada kwa Mgonjwa Aliye Mbali na Zahanati

Mgonjwa wa kifua kikuu aanzaye matibabu mjini Tarime au Mugumu hupewa, kwa kawaida, dawa za miezi 6. Katika miezi 2 ya mwanzo humeza kila siku mchanganyiko wa dawa 4, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Katika miezi 4 inayofuata humeza dawa 2 tu, rifampisini na isoniazidi. Idadi ya vidonge hupangwa kwa uzito wa mwili. Ubaoni hesabu hii ni nyepesi: siku 180 hivi, na kila siku ina vidonge vyake. Ugumu wake huonekana nyumbani, hasa baada ya wiki chache, wakati kikohozi kimepungua, homa ya jioni imekoma, mwili umeanza kurudi, na shamba linangoja palizi.

Hapo ndipo wengine huacha. Waachao si wajinga wala si wakaidi. Wanafuata kanuni waliyojifunza kwa miili yao wenyewe tangu utotoni, kwamba maumivu yakiisha ugonjwa nao umekwisha. Kwa kifua kikuu kanuni hiyo haifai. Kiini cha maradhi haya hugawanyika polepole mno, mara moja katika muda wa saa 20 hivi, ilhali baadhi ya viini vya tumboni huweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 vikipata mahali pazuri. Aidha viini vingine vya kifua kikuu hutulia ndani ya mapafu kana kwamba vimelala, na si rahisi dawa kukiua kiini kilicholala. Dawa zikikatizwa mapema, vinavyosalia ni vile vilivyo vigumu kufa. Vikiamka na kuzaana, huenda kizazi hicho kipya kikawa sugu. Mgonjwa hurudi zahanati akiwa na ugonjwa ambao dawa za kawaida haziuwezi, na pengine amekwisha kuwaambukiza wale walalao naye chumba kimoja.

Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zina shida hiyohiyo, tena kubwa zaidi, kwa kuwa hazina mwezi wa mwisho. Ufuasi wa dawa, kama wahudumu wa afya wauitavyo, ni kazi ya maisha. Nani basi amkumbushe mtu huyu akiwa kijijini kwake, na amkumbushe kwa lugha gani?

KUMWONA MGONJWA AKIMEZA

Katika historia ya jambo hili Tanzania ina nafasi ya pekee. Mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma ulianzishwa mwaka 1977, na katika kuujenga alishiriki Dakta Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia. Mambo mawili yalitiliwa mkazo: mgonjwa ahesabiwe tangu siku ya kuandikishwa hata siku ya kumaliza, na mhudumu amwone kwa macho akimeza dawa zake, hasa katika miezi ya mwanzo. Utaratibu uliokomaa katika wilaya za Tanzania ulichukuliwa na Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1990 na kupelekwa nchi nyingi.

Lakini kumwona mgonjwa kila siku kwataka mgonjwa na mhudumu wawe karibu. Wilaya za Tarime na Serengeti zinapakana katika Mto Mara. Tarime ni nchi ya vilima, yenye migomba, kahawa na mahindi, na huishia Sirari kwenye mpaka wa Kenya; wachimbaji wa dhahabu wamejaa Nyamongo, na vumbi la mawe wanalolivuta huyafanya mapafu yawe dhaifu mbele ya kifua kikuu. Ng'ambo ya mto, wilaya ya Serengeti ina vijiji vya wakulima na wafugaji vilivyotawanyika hadi kwenye mapori ya hifadhi. Mto ukifurika wakati wa masika, njia hurefuka. Ndiyo maana hapa nchini mgonjwa aliruhusiwa baadaye kuchagua: ama ameze dawa kituoni mbele ya mhudumu, ama ameze nyumbani mbele ya msimamizi aliyemteua mwenyewe, aghalabu mke, mume, mama au ndugu. Msimamizi huyo ni nguzo kubwa. Hata hivyo naye husafiri, huugua, huchoka, na hana daktari wa kumwuliza usiku.

Kitu kimoja kimezivuka mvua na vilima hivyo, nacho ni simu ya mkononi. Walio wengi hawana simu za bei kubwa zenye kioo cha kugusa, bali zile ndogo za vitufe ambazo vijana wa mitaani huziita viswaswadu, zenye kukaa na chaji siku kadhaa. Ujumbe mfupi wa maandishi huzifikia. Shida ni kuusoma. Katika wilaya hizi mbili husikika Kikurya, Kingoreme, Kiikoma, Kinata, Kiisenye na Kitatoga, mbali ya Kiswahili. Wapo wazee, na hasa kina mama, wanaozungumza Kiswahili vizuri kabisa lakini hawakupata kukisoma. Si kwamba hawakujaribu. Mkoa wa Mara ulikuwa miongoni mwa mikoa ya Kanda ya Ziwa ambako mradi wa majaribio wa elimu ya watu wazima uliosaidiwa na UNESCO uliendeshwa kuanzia mwaka 1968, kwa vitabu vya kusomea vilivyohusu pamba, uvuvi, mifugo na migomba. Wengi walijifunza, lakini kusoma kusikotumika husahaulika, na macho nayo huzeeka. Kwa mtu wa namna hii, herufi zilizoandikwa vidogo katika kioo cha simu ni sawa na kutoandikiwa kitu. Ndipo lilipokuja wazo la kumpelekea picha.

UJUMBE HUSAFIRIJE?

Kabla ya kuuliza picha ina faida gani, yafaa kujua simu ndogo yaweza kubeba picha ya namna gani. Ujumbe mfupi wa kwanza ulipelekwa nchini Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, na ulikuwa salamu za Krismasi. Kikomo chake cha herufi 160 hakikuchaguliwa ovyo. Kifurushi kimoja cha ujumbe hubeba baiti 140, na kila baiti ina biti 8, yaani biti 1,120 kwa jumla. Kila herufi ya kawaida huandikwa kwa biti 7. Gawanya 1,120 kwa 7, jawabu ni 160.

Kifurushi hiki husafiri katika njia ileile ambayo simu na mnara huitumia kupeana ishara hata wakati hakuna mtu azungumzaye. Kwa sababu hiyo ujumbe mfupi waweza kufika mahali ambapo sauti hukatikakatika. Simu ikiwa imezimwa, ujumbe huwekwa katika kituo cha kampuni ya simu na kupelekwa simu ikiwashwa tena, mradi muda wa kuuhifadhi haujapita. Kwa mgonjwa ambaye hupeleka simu yake sokoni kuchajiwa kwa umeme wa jua, hili ni jambo kubwa.

Picha ni mzigo mzito zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 simu za Nokia ziliweza kupokea picha ndogo nyeusi iliyopangwa kwa nukta 72 kwa upana na 28 kwa kimo. Nukta hizo ni 2,016, na kila moja ama ni nyeusi ama si nyeusi, hivyo biti moja yatosha. Picha nzima ilihitaji biti 2,016, sawa na baiti 252. Kwa vile kifurushi kimoja hubeba baiti 140, picha ilikatwa vipande vichache na kuungwa tena ndani ya simu ya mpokeaji. Katika nafasi hiyo mtu aweza kuchora jogoo, kidonge, nyumba au mwezi mwandamo. Hawezi kuchora uso wa muuguzi. Wala hawezi kuonyesha rangi, na rangi wakati mwingine ndiyo habari yenyewe: rifampisini huufanya mkojo uwe wa rangi ya chungwa, jambo lisilo na madhara ila huwatisha wagonjwa ambao hawakuelezwa mapema.

Picha ya rangi iliyobanwa vizuri ina baiti 20,000 hivi. Kama ingepelekwa kwa vifurushi vya ujumbe mfupi, vingehitajika 143. Kwa hiyo picha hizo hupitia njia ya intaneti, ambayo hudai simu yenye uwezo huo, mtandao wenye nguvu, na salio. Njia ya tatu ni zile alama ndogo za sura, jua na mikono ambazo vijana wamezizoea. Hizo huandikwa kama herufi, lakini si kwa biti 7. Ujumbe wenye alama hata moja hulazimika kuandikwa wote kwa biti 16, na nafasi 160 hushuka mara moja kuwa 70. Nyingi ya alama hizo huchukua nafasi mbili kila moja. Simu kuukuu isiyozijua huonyesha kisanduku kitupu badala yake. Mgonjwa akipokea visanduku vitatu vitupu atafikiri simu yake imeharibika.

JICHO NALO HUJIFUNZA KUSOMA

Kwamba picha hukaa akilini kuliko maneno si dhana tu. Mwaka 1967 mwanasaikolojia wa Kimarekani Roger Shepard alichapisha jaribio ambalo watu walionyeshwa picha 612, moja baada ya nyingine. Kisha walionyeshwa picha mbilimbili, moja waliyoiona na nyingine ngeni, wakaombwa kuichagua ile waliyoiona. Walipata takriban asilimia 97. Kwa maneno yaliyoandikwa walipata asilimia 88 hivi. Wengine wakaeleza baadaye kwamba picha huhifadhiwa akilini kwa njia mbili, kama umbo na kama jina, ilhali neno huhifadhiwa zaidi kama jina.

Lakini msomaji makini ataona kwamba Shepard alipima jambo moja tu, kuikumbuka picha. Kujua maana yake ni jambo lingine. Mtu aweza kukumbuka barabara mchoro asioufahamu.

Waalimu wa afya husimulia kisa cha picha ya mbu aliyechorwa mkubwa kama mbuzi ili miguu na mdomo wake vionekane. Wanakijiji wakashukuru, wakasema kwao hakuna mbu wakubwa kiasi hicho. Haijalishi kisa hicho kilitokea wapi. Watazamaji hao hawakukosea. Kukuza kitu kidogo ni desturi ya vitabu vya shule, na asiyepita shule hana sababu ya kuijua. Hali kadhalika mshale, alama ya mkasi wa X juu ya kitu kilichokatazwa, na wingu la maneno juu ya kichwa cha msemaji: hizo zote ni sarufi, zina wanaoijua na wasioijua.

Matatizo haya huwa makubwa zaidi picha inapotakiwa kueleza wakati. Chukua mfano wa jua. Mchoraji huchora nusu ya jua juu ya kilima na kusema, "asubuhi". Mtazamaji aweza kusema, "magharibi", naye ana haki, kwa kuwa jua lichomozalo na jua lizamalo huchorwa sawasawa. Akichora saa ya ukutani yenye mkono mfupi kwenye 8, mmoja atasema saa 2 asubuhi, kwani ndivyo saa isomwavyo kwa Kiswahili, na mwingine atasema saa 8 mchana. Tofauti ni saa 6, na kwa dawa inayopasa kumezwa wakati mmoja kila siku, saa 6 si jambo dogo. Wafugaji wa Serengeti wangeweza kuchorewa ng'ombe: wakitoka zizini ni asubuhi, wakirejea ni jioni. Hapa tena mchoraji lazima awe mwangalifu, kwani ng'ombe aliyesimama langoni hasemi kama anatoka au anaingia. Jogoo ana nafuu, na mwezi na nyota zina nafuu.

Kisha pana mpangilio. Picha tatu zilizopangwa safu moja, mwanafunzi huzisoma kutoka kushoto kwenda kulia bila kufikiri. Mkono wake umefundishwa hivyo tangu darasa la kwanza. Mtu asiyesoma huweza kuanza katikati, mahali penye picha kubwa. Basi mfululizo wa "mgonjwa anakohoa, anameza dawa, ni mzima" husomeka pia kinyume: mtu alikuwa mzima, akameza dawa, akaanza kukohoa.

Katika Afrika ya Kusini, Ros Dowse na Martina Ehlers wa Chuo Kikuu cha Rhodes walilishughulikia suala hili kwa miaka kadhaa. Walichukua picha-ishara za dawa zilizotengenezwa Marekani, wakazilinganisha na nyingine zilizochorwa kwa kushauriana na Waxhosa waliokusudiwa kuzisoma. Zile za kienyeji zilieleweka zaidi. Katika uchunguzi waliouchapisha mwaka 2005, wagonjwa 87 waliopewa dawa za kuua viini kwa muda mfupi waligawanywa makundi mawili: wengine walipata lebo za maandishi tu, wengine lebo za maandishi na picha. Ufahamu wa maelekezo ulikuwa wastani wa asilimia 95 kwa wenye picha na asilimia 70 kwa wasio na picha. Kuhusu kumeza dawa kama ilivyoagizwa, wastani ulikuwa asilimia 90 dhidi ya 72. Picha hizo zilikuwa katika pakiti ya dawa, si katika simu. Lakini jicho ni lilelile.

SIMU ILIYOULIZA "MAMBO?"

Upande wa simu, majaribio muhimu yalifanyika si mbali na Mara. Nchini Kenya, kati ya mwaka 2007 na 2009, wagonjwa 538 waliokuwa wakianza dawa za kufubaza virusi waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Wagonjwa 273 walipelekewa kila wiki ujumbe wa neno moja: "Mambo?" Walitakiwa kujibu katika muda wa saa 48, "Sawa" au "Shida". Aliyejibu "Shida", na asiyejibu kabisa, alipigiwa simu na muuguzi. Wenzao 265 walipata huduma ya kawaida. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2010, waliosema kuwa wamefuata dawa zao vyema walikuwa 168 katika kundi la kwanza na 132 katika la pili. Waliopimwa damu na kukutwa virusi vimefubazwa walikuwa 156 dhidi ya 128. Kwa asilimia ni 57 na 48. Maana yake, kwa kila wagonjwa 11 hivi waliopata ujumbe, mmoja zaidi alifubaza virusi vyake.

Neno "Mambo?" halikutaja dawa, wala ugonjwa, wala zahanati. Mtu mwingine akiiokota simu, haoni ila salamu. Tena neno hilo halikumkumbusha mgonjwa kumeza chochote. Lilimwuliza hali, na nyuma yake palikuwa na mtu wa kumsikiliza. Yafaa kulitia hilo akilini, maana wengi wasikiapo habari za simu na matibabu hudhani kengele ya kukumbusha ndiyo iponyayo.

Jaribio la pili lilifanyika katika kituo cha afya cha Chulaimbo karibu na Kisumu, safari ya saa chache kutoka Sirari. Wagonjwa 431 walifuatwa kwa wiki 48. Miongoni mwa waliopelekewa ujumbe mara moja kwa wiki, asilimia 53 walifikia kiwango cha kumeza angalau asilimia 90 ya dawa zao, ilhali katika kundi la kulinganishia waliofikia ni asilimia 40. Waliopelekewa ujumbe kila siku hawakuwashinda wasiopelekewa. Kinachosikika kila siku hugeuka kelele.

La tatu latoka Zanzibar. Huko, mwaka 2009 na 2010, wajawazito 2,550 wa vituo 24 walihusishwa katika jaribio ambamo nusu ya vituo vilitumia ujumbe wa simu na vocha za kumpigia mkunga. Waliojifungua mikononi mwa mkunga mwenye ujuzi walikuwa asilimia 60 katika kundi la simu na 47 katika kundi jingine. Lakini ongezeko hilo lilionekana kwa wanawake wa mjini. Kwa wa mashamba halikuonekana. Ye yote apangaye kazi kama hii kwa ajili ya Tarime na Serengeti angelisoma jibu hilo la Zanzibar mara mbili.

PICHA NA MAZUNGUMZO

Majaribio hayo na yale ya picha yakiunganishwa, ndipo umbo la huduma ifaayo linapoanza kuonekana. Picha isitumwe kama tangazo. Kwanza ichorwe katika karatasi na kuzungumzwa kituoni, mgonjwa na msimamizi wake wakiwa pamoja, kwa Kikurya au Kingoreme ikibidi, mpaka mgonjwa aieleze mwenyewe kwa maneno yake. Baadaye picha ileile ikitokea katika simu haihitaji kufundisha. Kazi yake ni kuyarudisha mazungumzo yale. Hata nukta 2,016 zatosha kwa kazi hiyo.

Kwa mfano, jambo gumu kuliko yote, la kuendelea na dawa ilhali mtu ameona nafuu, halina umbo. Hakuna kitu duniani kinachoitwa "endelea" kinachoweza kuchorwa. Muuguzi aweza kueleza kwa shamba la mahindi lililopaliliwa nusu, na nusu nyingine magugu yamesimama. Kila mkulima wa Tarime ajua magugu hayo yatafanya nini mvua ikinyesha. Picha hiyo ikipelekwa kwa mtu ambaye hakuzungumziwa, atadhani ni ujumbe wa bwana shamba. Ikipelekwa kwa aliyezungumziwa, katika wiki ya tano au ya sita, anakumbuka viini vilivyolala.

Njia ya kujibu nayo iwe nyepesi. Asiyeandika "Sawa" au "Shida" aweza kubonyeza 1 au 2. Na hata kubipu, desturi ambayo watu wa Afrika Mashariki huitumia ili kuokoa salio, kwaweza kuwa jibu kamili likipatanwa mapema. Wasiojibu orodha yao ifike kwa mhudumu wa afya wa kijiji, aende kwa miguu au baiskeli. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wapatao milioni 2 nchini, na vyoo vikachimbwa vijijini. Redio ilisema, lakini vikundi vya kusikiliza na viongozi wake ndivyo vilivyogeuza sauti kuwa majembe.

Limebaki jambo la siri, nalo ni zito. Maandishi humficha mgonjwa mbele ya wasiosoma; picha haimfichi mbele ya mtu yeyote. Mtoto wa miaka 4 akiona kidonge na bomba la sindano katika simu ya mama atauliza. Katika nyumba nyingi simu moja hutumiwa na watu kadhaa, na mara nyingi mwenyewe ni mume. Kuna wanawake ambao kujulikana hali yao kwaweza kuwagharimu ndoa, au kuwaletea kipigo. Sheria ya mwaka 2008 ya kudhibiti UKIMWI inalinda siri ya mgonjwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeongeza ulinzi huo; lakini sheria haikai ndani ya kioo cha simu. Jogoo asiye na kidonge ni salama kuliko jogoo mwenye kidonge, ikiwa mgonjwa amekwisha kupatana na muuguzi maana ya jogoo huyo. Na aliye na hofu apewe nafasi ya kukataa simu kabisa, bila ya kunung'unikiwa, akaendelea na msimamizi wake.

JARIBIO LA DARASANI

Shule ya sekondari yaweza kulipima jambo hili kwa penseli na karatasi. Kila mwanafunzi achore picha moja ya kueleza "meza dawa asubuhi kila siku" katika mraba mdogo uliogawanywa kwa visanduku, upana 72 na kimo 28. Karatasi ya grafu yafaa sana. Asiandike neno lolote. Picha zichaguliwe 3, kisha zionyeshwe kwa watu 20 walio nje ya shule, wakiwamo wazee, mmoja mmoja, pasipo wengine kusikia. Mwanafunzi asiulize, "Je, hii ni asubuhi?" maana swali hilo limekwisha kutoa jibu. Aulize, "Unaona nini hapa?" na baada ya hapo, "Inakutaka ufanye nini?" Majibu yote mawili yaandikwe kama yalivyotamkwa.

Shirika la Kimataifa la Viwango lilitumia kipimo cha asilimia 67 ya majibu sahihi kwa alama za hadhara. Kipimo cha Marekani kwa alama za usalama ni asilimia 85, na kinaongeza kwamba wanaoielewa kinyume, kwa namna ya hatari, wasizidi asilimia 5. Kwa watu 20 hesabu ni hii: kipimo cha kwanza chahitaji watu 14, cha pili watu 17, na aliyeielewa kinyume asizidi mmoja.

Tuseme watu 19 wamemtambua jogoo kuwa ni jogoo, lakini 9 tu wakasema kuwa wanatakiwa kumeza kitu alfajiri, wakati 2 wamesema wanatakiwa kumla jogoo pamoja na dawa. Mchoro huo hurudishwa kwa mchoraji, na watu wengine 20 hutafutwa, wasiowahi kuuona.